Kishikizo cha Mwisho

12 Februari

Mdogo wangu Kitinda,

Natumaini u mzima, na kwamba hao wanaokuletea mashuka ya wagonjwa uyatie viraka wanakuachia nafasi ya kula. Sisi tupo. Goti la shemeji yako limevimba tena na hospitali hataki, anasema goti ni lake na wameshazoeana. Mwanangu wa pili kang'oka meno mawili ya mbele, sasa kila neno analosema linapuliza. Darasani nina watoto sitini na wawili na chaki ya wiki moja. Mama anakula ukimkazia macho. Ukigeuka, anarudisha chakula sufuriani.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu Mama husikia nusu yangu na kujibunia nusu yako, halafu tunalia siku nzima kwa mambo ambayo hakuna aliyeyasema.

Mwuza vitambaa wa ng'ambo ya barabara amekamatwa, siku nane baada ya wewe kuondoka. Ile Jumanne asubuhi mtaa mzima ulimsikia akimwambia kaka yetu, "Nitakukata kwa mkasi wako mwenyewe," eti mikono ya koti lake imekuwa mifupi. Saa tisa alasiri kaka akakutwa chumba cha nyuma, ameuawa kwa mkasi wake. Mimi naona limekwisha. Wakili wa serikali haoni hivyo. Anasema maneno ya hasira si ushahidi, maana hakuna mtu mjini ambaye hajamtishia fundi cherehani. Anataka kitu cha kuonyesha kwamba yule bwana aliingia dukani mchana ule.

Sasa kaa kitako. Jana kinyozi aliniita pembeni. Anasema katika ile wiki ya pili ya msiba, saa za baada ya chakula mtaa unapolala, alimwona kaka, Sindano wao wa mtaani, dukani kwake. Alimwona kupitia dirisha, amesimama mbele ya kile kioo kirefu, amevaa suti ya mteja, anajitazama. Kesho yake tena, shati la mtu mwingine. Uso hakuuona. Nikamwambia aache kunusa dawa zake za nywele. Lakini nilipofika nyumbani nilichukua ufunguo, upo pale pale kwenye msumari nyuma ya mlango wa Mama tangu polisi waturudishie, nikaenda kufungua.

Unaijua sheria ya kaka. Nguo haikutoka kwake mpaka mwenyewe aivae, na kishikizo cha mwisho ashonewe mwilini, kisha kaka ainame akate uzi kwa meno. Watu walimcheka lakini walirudi. "Bila kishikizo cha mwisho hicho bado ni kitambaa," ndiyo kauli yake. Kwa hiyo nguo zilizobaki dukani zote zilitakiwa ziwe na pengo moja. Ziko kumi na moja. Nimezihesabu mara tatu, Kitinda. Hakuna yenye pengo. Uzi umezungushwa mara nne na ncha imefichwa kwa ndani, kama afanyavyo yeye.

Niliondoka nikiwa nimesahau kufunga dirisha. Kurudi kulifunga nimemtuma shemeji yako, na goti lake. Usimwandikie Mama habari hizi.

Dada yako

6 Machi

Dada yangu mpendwa,

Barua yako ilikaa siku tisa kwa mlinzi wa getini, ameiwekea kikombe cha chai juu. Nimefurahi kuusoma mwandiko wako hata penye doa. Mpe shemeji pole ya goti, na huyo mpuliza maneno mwambie mama mdogo anamsalimu.

Mimi ni mzima. Chumba chetu cha kushonea kiko chini ya wodi ya wanaume, na tangu asubuhi tunasikia vitanda vikisukumwa juu ya vichwa vyetu. Wiki hii nimetia viraka mashuka arobaini na gauni za wagonjwa sijui ngapi. Gauni hazina vishikizo, zina kamba tu za mgongoni. Mwenzangu wa mashine ya pili anaimba vibaya na hajui.

Kinyozi usimsikilize. Huyo mtu alimkata baba sikio mchana kweupe, ndiye wa kumtambua mtu kupitia dirisha?

Zile nguo wape wenyewe, dada. Wape haraka wakavae. Zimeshakamilika, za nini kukaa pale?

Mama anasemaje? Anaingia chumbani kwa kaka?

Mdogo wako

28 Machi

Kitinda,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Bati la jikoni limeanza kuvuja, tumelitegea beseni, na Mama amepata kazi ya kulimwaga. Jino moja limechomoza. Shemeji yako kanunua fimbo ya kutembelea na sasa anaitumia kunielekezea vitu.

Jana tulikuwa mahakamani. Nilivaa gauni la bluu alilonishonea kaka. Wewe hujawahi kumwona mwuza vitambaa, duka lake ni la mwaka jana, basi nikwambie: ni mtu mwembamba, mpole wa sura, wa kumwachia mtoto. Wakamleta. Amevaa koti la kahawia.

Niliketi nikilitazama lile koti mpaka macho yakaniuma. Ile Jumanne, saa sita na nusu, nilimpelekea kaka chakula. Koti lile lilikuwa limetundikwa kwenye kamba karibu na mashine, nalo halikuwa na kishikizo cha mwisho. Nilikiona chenyewe mezani, ndani ya kisahani, kinasubiri. Kaka alikuwa anafumua mikono ili aishushe, huku anacheka, anasema mikono ya yule bwana inarefuka kila wiki. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Na jana koti lina vishikizo vyote vinne.

Umenielewa? Kaka hakumshonea mtu kishikizo cha mwisho ila amesimama mbele yake amelivaa. Basi yule bwana aliingia mle dukani baada ya mimi kutoka. Alishonewa, kaka akainama kifuani pake kukata uzi, halafu… Nilimwambia wakili wa serikali papo hapo kwenye korido. Alinishika mikono yote miwili. Koti wamemvua na wamelichukua kuwa kielelezo, amerudishwa rumande na shati.

Nimemweleza Mama. Akasema, "Mtoto wangu amemshika mwenyewe." Usiku ule alilala saa tatu mfululizo, mara ya kwanza tangu Januari.

Jaji atakuja kulikagua duka. Mbona hukuniambia unafikiri nini juu ya zile nguo kumi na moja? Umeniandikia habari za kinyozi na sikio la baba.

Dada yako

2 Mei

Kitinda,

Sijapata jibu la barua yangu ya Machi. Naamini ni yule mlinzi na kikombe chake. Hatujambo. Bati limezibwa. Mama ameanza kunikosoa chumvi, ni dalili njema.

Jaji alikuja dukani na watu wake, wakakagua nguo moja moja. Zote kumi na moja zimekutwa hazina kishikizo cha mwisho, kama kaka alivyoziacha. Karani akaandika. Jaji mwenyewe alisema hajawahi kuona fundi wa namna hii. Nilijisikia kulia kwa fahari.

Upande wa pili wana hadithi yao. Mwuza vitambaa anasema koti hakulichukua ile Jumanne. Anasema alilichukua wakati wa msiba, wiki ya pili, saa nane mchana. Anasema alipita akaona mlango wa duka uko wazi kidogo, na ndani kuna mwanamke wa ile familia, amejitanda mtandio mweusi, ndiye aliyemshonea kishikizo akiwa amelivaa, akakata uzi kwa meno. Wakili wake akauliza polisi kama walilikuta koti dukani siku ya mauaji au la. Polisi wakafungua orodha yao. Wameandika "nguo mbalimbali". Basi.

Jaji akaniuliza kama yupo mwanamke wa kwetu aliyefungua duka wiki ile. Nimeapa kwamba hayupo. Ufunguo ulikuwa nyuma ya mlango wa Mama, Mama hawezi kushika sindano kwa vidole vile, mimi nilikuwa napokea wageni, na wewe kila siku baada ya chakula ulikuwa umelala kwa kuumwa kichwa.

Hukumu ni tarehe 20 Juni. Wakili wa serikali anataka mstari mmoja tu kutoka kwako, wenye sahihi: sikufungua duka. Andika hivyo hivyo. Usipambe.

Dada yako

25 Mei

Dada yangu,

Barua zako zote mbili ninazo. Mlinzi hana kosa. Nakusalimu, nawasalimu wote, na nimefurahi kwamba Mama ameuona upungufu wa chumvi yako, ambao sisi tuliuona zamani.

Huku mwenzangu wa mashine ya pili amehamishwa, na sasa ninaikumbuka hata ile sauti. Nimepewa chumba kipya kwenye nyumba za wafanyakazi, kina dirisha linalotazama kamba za kuanikia. Siku ya upepo gauni za wagonjwa hujaa hewa na kusimama kama watu. Nimeweka pazia.

Ruhusa yangu ya mwaka ninaweza kuichukua Julai. Mwambie shemeji aniazime fimbo nimchape mpuliza maneno, nasikia hataki shule.

Nachukua karatasi ya pili.

Ukurasa wa pili

Dada, sikuwa nimelala kwa kichwa.

Mlipokwisha kula na nyumba ikatulia, nilichukua ufunguo wa Mama nikaenda dukani. Siku tano. Mara ya kwanza nilitaka kukaa tu. Nikaziona zile nguo, kila moja na pengo lake, nikamsikia kaka akisema hicho bado ni kitambaa. Ni yeye aliyenifundisha kushona nikiwa na miaka minane, mara nne uzi na ncha kwa ndani, akanipiga vidole na rula nilipokosea. Niliona nikiziacha vile nitakuwa nimemwacha yeye kazini. Wenyewe hawakuwepo, na sheria inataka mwili. Nikazivaa mimi. Suti, mashati, joho la yule mzee wa kwaya, moja baada ya nyingine, mbele ya kioo kirefu, nikajishonea kifuani na kuinamisha shingo kukata uzi kwa meno. Kinyozi aliniona mimi. Kuna mchana mmoja niliponyanyua macho kwenye kioo, nikiwa na suti nyeusi, hata mimi nilimwona kaka. Nikamsalimia. Sioni aibu kukuambia.

Siku ya nne aliingia mtu. Mwembamba, mpole. Sikumjua, na habari ya ugomvi mlinificha mpaka naondoka. Alisema, "Poleni," kisha, "Lile la kahawia ni langu." Akalivaa. Mikono ilikuwa imeshushwa tayari, imepigwa pasi, inamfika kwenye kifundo cha mkono. Kaka alikuwa amemmalizia kabla ya kufa. Yule mtu alijitazama mikono kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe alinirekebishia." Kishikizo kilikuwa kwenye kisahani. Nikamshonea. Nilipoinama kukata uzi nilisikia moyo wake. Ulikuwa unakwenda polepole sana, dada, polepole kama wa mtu aliyelala fofofo. Tangu nisome barua yako ya Machi nausikia moyo ule kila ninapoinamia shuka.

Sijui kama ni yeye aliyemwua kaka. Labda ndiye. Lakini kishikizo kile si cha kaka. Ni cha kwangu.

Zote nilizishona, ila moja. Koti la kijivu, lile kaka alilokuwa akijishonea mwenyewe, lililo nyuma ya pazia. Hilo sikuligusa. Mwenyewe hayupo na sikuwa na ujasiri wa kulivaa.

Na wewe uliniandikia Februari kwamba nguo zote kumi na moja zina vishikizo. Jaji amezikuta hazina. Nani alivikata?

Mstari huo siwezi kuuandika. Mwambie wakili kabla ya tarehe 20, au nitamwambia mimi.

Mdogo wako

22 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako ya tarehe 25 imefika juzi, lakini ukurasa wa kwanza tu. Inaishia pale unaposema unachukua karatasi ya pili. Posta hizi. Si kitu, bila shaka ulikuwa ni mstari ule tuliouomba, na hata hivyo haukuhitajika.

Amepatikana na hatia. Jela maisha. Jaji alisoma kwa saa mbili, na sehemu ya koti aliisoma taratibu. Mwuza vitambaa alikuwa akigeuka kuwatazama wanawake waliokuja mahakamani, mmoja baada ya mwingine, mpaka askari akamkataza. Mama alitembea mwenyewe mpaka nje. Amelala tangu jana saa kumi na mbili, amekula, amelala tena. Unajua ni miezi mingapi nimekaa kitandani kwake nikimsikiliza akihesabu mbao za dari? Hujui. Wewe ulikuwa na mashuka yako. Wakati mwingine mtu hufanya la kufanywa ili nyumba ipate kupumua, naye hataki aulizwe. Ukiwa na watoto utaelewa.

Duka nitalifunga. Nguo za wateja nimezigawa. Lakini lile la kijivu linanitisha, Kitinda. Unasema hukuligusa. Mimi nilikikata kishikizo chake pamoja na vile vingine, siku mbili kabla ya jaji kuja. Juzi nimekuta kimerudi. Nikakikata tena, nikaondoka na ufunguo umelala ndani ya blauzi yangu, na leo asubuhi kimerudi. Uzi mara nne. Ncha kwa ndani. Shemeji yako ni shahidi wangu, ameketi nje hataki kuingia.

Julai njoo, tunakusubiri. Ila njoo mikono mitupu, usije na habari za karatasi zilizopotea. Zilizopotea zimepotea.

Dada yako anayekupenda

14 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba Mama amelala. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko zote.

Koti la kijivu nimelitaja mahali pamoja tu, ukurasa wa pili. Kwa hiyo ulinisoma. Sikuandikii ili nikushike uongo. Nakuandikia ili ujue kwamba najua, tusije tukakaa meza moja tukiulizana habari za posta.

Kishikizo cha lile koti sikukishona mimi. Mimi nipo mwendo wa siku mbili kutoka hapo na vidole vyangu viko kwenye mashuka. Acha kulikata. Kama kuna anayelitaka, mwache alivae.

Nimemwandikia msajili wa mahakama, na wakili wa mwuza vitambaa nimempelekea nakala. Nimeeleza siku, saa, mtandio, kisahani, na mikono iliyoshushwa. Nimeambatanisha kipande cha shuka nilichoshonea kishikizo, wakilinganishe na cha koti. Vile ulivyovikata sikuvitaja. Hilo nimekuachia, useme mwenyewe au usiseme. Barua hii na zile mbili nimezitia posta leo kwa pamoja, na sijui ipi itatangulia.

Nililia nikiandika, maana najua ninamnyang'anya Mama kitu. Labda ninamfungulia mwuaji wa kaka. Nimeliwaza hilo kila siku. Lakini kama si yeye, basi aliyemwua kaka amekuwa akipita hapo dukani mwaka huu wote, anakusalimu, anakupa pole, na huenda mojawapo ya zile nguo ulizogawa ni yake. Wewe ulimkabidhi mkononi. Nikifika hapo nakimbia kuwaza.

Basi linafika kwenu Jumatatu ya tarehe 30, saa nne asubuhi. Ukiwa kituoni tutakwenda wote nyumbani kwanza, nimwambie Mama mwenyewe. Usipokuwepo sitakulaumu, nitajua. Mahakama nitaiulizia njiani, na siku watakapomleta tena kwa rufaa nitaingia, nikae mahali ambapo yule mtu akigeuka ataniona.

Mdogo wako